Mtoto Aliyetangulia Jua

Sweneti, maji ya mto yakianza kupanda

Kwa dada yangu Mutirdi, mke wa mwimbaji wa hekalu la Jeba,

Kila asubuhi nikienda kuteka maji nawaomba Khnum wa Abu na Isis wa Pilaki wakupe uzima, usingizi mtamu na heshima mbele ya watu wa mji wako. Mimi sijambo. Mume wangu Pakhnumi naye hajambo, mguu unamsumbua tu kukiwa na baridi. Mtoto ni mzima, anakula, anakimbia, ana maneno mengi kuliko meno. Tumbo langu sasa linanitangulia mlangoni. Ruru mkunga ameliangalia akasema ni mvulana, lakini Ruru humwambia hivyo kila mwenye mimba ili apewe bia. Na nyinyi je? Mgongo wako umepata nafuu? Yule mdogo wenu ameacha kutapika? Shemeji bado anaamka alfajiri kumwimbia Horus, au koo limemchoka? Ukiandika tena, nijibu hayo kwanza. Barua yako iliyopita haikuwa na neno hata moja la nyumbani. Niliifungua nikidhani nitasikia habari za watoto, nikakuta ni makofi.

Umeniuliza ilikuwaje nikawaita kwenye karamu ya jina, mkala bata bukini wangu na kunywa bia yangu, huku nikijua kwamba mtoto mnayempakata amezaliwa siku ya Seth. Umesema shemeji ameapa mtoto huyo hatakanyaga Jeba, kwa sababu Jeba ni kwa Horus, adui wa Seth, na kila mwaka mnamfinyanga Seth kwa unga awe kiboko, mnamkata vipande na kumla ili aishe. Umesema umeaibika kwa majirani. Ukamaliza kwa kusema baba angekuwa hai angejuta kutufundisha kuandika, kama kuandika kwenyewe ndiko huku kwa kufichana.

Haya, dada. Mimi nami ninayo ya kusema, na nitayasema yote. Ila nakuomba kitu kimoja: soma peke yako mpaka mwisho kabla hujampa shemeji neno lolote. Usiniulize sababu sasa. Na unisamehe mwandiko. Kila nikikaa, mtoto ananipanda mgongoni. Hapo juu wino ulipotapakaa ni kiganja chake.

Nianzie kwenye mguu. Unakumbuka Pakhnumi alivyoumia kule machimboni, kamba ilipokatika na lile jiwe jekundu likateleza likamlalia pajani. Walimleta nyumbani juu ya ubao. Mguu ulivimba, ukabadilika rangi, ukaanza kunuka. Mganga wa mifupa akaja, akaunusa, akasema tujiandae. Mimi nilikuwa na mimba ya huyu mtoto, kila harufu inanitapisha, hata ya mume wangu. Aliyemuuguza ni mama yake, Tasati. Alimsafisha kwa asali, akamlisha kwa kijiko kama kinda. Ana watoto wanne kaburini, huyu ndiye aliyebaki.

Siku moja akajitanda akatoka bila kuaga. Alikwenda Pilaki. Ilikuwa siku ile Isis anayotolewa hekaluni na kuvushwa kwa mashua kwenda kisiwa cha pili alikolala mumewe Osiris, kummiminia maziwa. Kila baada ya siku kumi anavuka, mvua inyeshe, jua liwake, hana likizo. Nilikuwa nikimwona akipita nasema moyoni, mama wa watu, hata wewe wanakuamsha. Tasati alisimama gatini na wenye shida wengine, mashua iliporudi akasema aliyokuwa nayo. Nilijua amekwenda kuomba. Alichoahidi sikukijua.

Mguu ukapona. Ulipona vibaya, umepinda, lakini umepona, na mtu anautembelea.

Mimi uchungu ulinishika katika zile siku tano zilizo juu ya mwaka. Wewe unazijua, hakuna mtu anayeanza kazi wala safari, kila mtu amefunga kitambaa cha kitani chenye mafundo shingoni ili mwaka unaokufa usiondoke naye. Na ulinishika siku ya tatu, siku aliyozaliwa Seth, mtaa mzima umejifungia ndani. Nikasema nibane mpaka jua la kesho litoke, iingie siku aliyozaliwa Isis. Ruru akacheka akaniambia nijaribu kubana kikohozi kwanza. Nilichuchumaa juu ya yale matofali ya kuzalia mpaka miguu ikawa si yangu. Chumba hakina dirisha, mlangoni kuna mkeka, taa inafuka moshi. Mwishoni mwishoni moto wa jikoni ukazimika, Tasati akakimbia gizani kwa jirani kuomba kaa la moto ili maji yapate kuchemka. Aliporudi, mtoto alikuwa mikononi mwangu anapiga kelele. Ruru akamwambia, mtoto amekuja na jua.

Tasati alipiga magoti pale pale, kaa la moto likiwa bado kwenye kigae mkononi, akalia. Mimi nikaona ni furaha ya bibi. Tukamwita mtoto Tadiesi, yaani aliyetolewa na Isis. Nyinyi mkaja, mkala, mkaimba. Mtaani wakawa wananiambia nina bahati.

Dada, nataka uelewe jambo hili maana ndilo linaloniuma: usije ukamwona Tasati kama mtu mbaya. Miaka hii yote mtoto amekulia mgongoni kwake. Alikuwa akimtafunia dengu. Alikuwa akimtengenezea vitufe vya tende na unga wa matunda ya mkoma, akimpa kwa kificho mimi nisione, kana kwamba mimi sioni mdomo ulivyochafuka. Mtoto akianguka hakuniita mimi, alimwita yeye. Nami nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilishukuru.

Basi mwaka huu, mtoto akiwa amekaribia kuachishwa ziwa, Tasati alikuwa anamnyoa uani. Akamwachia kile kishungi cha upande wa sikio, akakisuka vizuri, akakipaka mafuta. Nikasema kimerefuka mno, akipunguze kidogo kinamwingia machoni. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba hiki si chetu kukata, kitakatwa Pilaki siku ya kumkabidhi.

Nikamuuliza kumkabidhi nani.

Akanieleza akitabasamu, kama mtu anayeleta habari ya posa. Siku ile gatini alimwambia Isis hivi: mwachie mwanangu mguu wake, na huyu aliyemo tumboni kwa mke wake, kama unamtaka, mlete siku yako. Asingekuja siku hiyo, basi mungu hakumtaka, deni lingelipwa kwa kitu kingine. Akaja siku hiyo. Sasa akiacha ziwa tu, anapelekwa kisiwani, anaandikwa mtumishi wa Isis, yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake, hata milele. Hakuna pepo atakayemgusa, hakuna mtu atakayempiga, atakula mkate wa hekalu. Nasi tutakuwa tunamwona sikukuu.

Unajua wanavyoishi, dada. Tumewaona sote wawili tulipokuwa wadogo, wasichana wale wanaosaga shayiri nyuma ya ukuta, wakichungulia mlangoni kutazama watoto wenzao wanavyocheza. Baba alikuwa akituambia tusiwaonee huruma, wamelindwa. Mimi niliwaonea huruma tu.

Nilimfuata Pakhnumi machimboni mchana wa jua, tumbo hili mbele, nikamuuliza mbele ya wenzake kama alijua. Alijua. Mama yake alimwambia alipopata nafuu. Alisema hakudhani ingefika huku, siku ziko nyingi katika mwaka na ya Isis ni moja, nani angedhani. Mmoja wa wachonga mawe akasema kwa sauti kwamba Pakhnumi apewe patasi ajichongee shimo la kujificha. Wakacheka. Yeye hakucheka. Alinishika mkono akanirudisha nyumbani.

Nikamwambia Tasati, sitoi mtoto. Hakunigombeza. Aliniketisha, akanipa maji, akasema, "Mwanangu, huwezi kukatalia kitu ambacho si chako. Mimi nilimwachia Isis achague. Akachagua. Ningekuwa ninaweza kurudisha, ningekuwa wa kwanza. Unadhani mimi nitalala, mgongo wangu ukiwa mtupu?"

Ningekuwa na mama mkwe mwenye roho mbaya ningejua la kufanya. Kwa huyu sikujua. Nilisaga shayiri nikiwaza, nikafua nikiwaza, nikamnyonyesha nikiwaza, na mimba ikininyonya kutoka ndani. Mtoto ananishika sikio akinyonya, ndiyo tabia yake, analikunja kama jani. Nikajiuliza kule atashika sikio la nani.

Siku ikafika ya kwenda kumwandikisha. Tulipita njia ya nchi kavu kando ya maporomoko, kisha tukavuka kwa mtumbwi, mimi, Tasati, Pakhnumi na kijiti chake cha kutembelea, na Ruru, kwa sababu kuhani wa zamu alitaka ushahidi wa mkunga. Ruru alikuwa amevaa makubazi mapya kwa ajili ya hekalu, yakamuuma, akayavua akayashika mkononi. Isis alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwa mumewe. Mashua yake ilikuwa imefungwa gatini, wanaifuta maziwa yaliyomwagika sakafuni. Watu walijaa. Kuhani alitoka amenyolewa mpaka nyusi, amefurahi, akasema hawajapata mtoto wa siku yenyewe kwa miaka mingi, huyu atafundishwa wimbo na atabeba chombo cha maziwa. Akanyoosha mikono ampokee.

Nikamhamishia mtoto nyonga ya pili. Nikasema huyu si mtoto wa siku ya Isis.

Nilisema kwa sauti, dada, maana nilitaka wasikie hata waliokuwa wanafuta mashua. Nilisema mtoto alitoka kabla jua halijatoka, siku ya Seth ingali haijaisha. Nikasema mkunga alinionea huruma akaniambia tuseme amekuja na jua, nami nikakubali kwa kuogopa, lakini siwezi kumdanganya mungu mlangoni kwake, nikamletea uchafu wa Seth ndani ya nyumba.

Kisha kila mtu akasogea nyuma, hata yule aliyekuwa ananikanyaga kwa kusongamana. Kuhani akamgeukia Ruru, akamuuliza jua lilikuwa limetoka au halijatoka. Sasa Ruru ndiye aliyetamba mji mzima kuhusu mtoto huyu wa jua, na mtu mmoja nyuma akamkumbusha kwamba sokoni alikuwa na maneno mengine. Ruru akamjibu kwamba sokoni alikuwa amekunywa, na yeye aliyekuwa anamnunulia anajua. Halafu akamtazama kuhani.

"Mimi nilikuwa natazama kichwa cha mtoto, baba. Mbingu sikuzitazama. Anayezaa ndiye ajuaye saa yake, muulize yeye."

Wakaniuliza mimi. Kuhani akasema niape, na niape kwa Isis mkuu, mama wa Horus, huku mkono wangu uko juu ya kichwa cha mtoto. Hapo Tasati alinishika nguo. Hakusema kwa sauti, alisema kama tulivyo jikoni.

"Herankhi, mwanangu, sema si kweli. Mwite hata mwizi, lakini usimwite hivyo."

Nikaapa.

Kuhani alirudisha mikono yake ndani ya nguo. Akasema jina la Tadiesi livuliwe leo leo, mtoto wa siku ile hawezi kuvaa jina la Isis, na asivuke tena lango hili maisha yake yote. Tulipogeuka, wakamimina maji tulipokanyaga, wakasugua mawe kwa magadi, kana kwamba tumemwaga samaki aliyeoza. Mtoto aliyapenda yale maji, akataka kushuka akacheze. Njia nzima ya kurudi Tasati alikaa mbele kabisa ya mtumbwi, mgongo ametugeuzia. Ruru alinong'ona kwamba masikio yake mwenyewe siku hizi mabovu, hakusikia vizuri nilichoapa. Nilitaka kumbusu mikono.

Habari zikafika nyumbani kabla yetu, na kwenu nadhani zilifika na meli ya kwanza ya mawe. Jirani aliyetupa kaa la moto amevunja kile kigae. Watoto wa mtaa wanapopita mlangoni wanafunga mafundo kwenye nguo zao. Mtoni wanawake wanasogeza mitungi nikifika. Majuzi yule mke wa mfua shaba aliniambia, "Herankhi, mkalishe huyo upande wa chini, asituharibie maji." Nikamwambia achote upesi basi, kwa maana ana kiu na akianza hunywa mto mzima. Wengine walicheka, wakakumbuka, wakanyamaza. Sitembei nimeinama, dada. Nambeba juu ya mabega kabisa, kila mtu amwone. Baba yake amempa jina jingine, Renpenofri, Mwaka Mzuri. Ameanza kuliitikia.

Kwa Tasati ndiko kunakouma. Amehamia chumba cha upande wa pili wa ua. Mtoto anamfuata akimwita bibi, naye anaingia ndani na kuteremsha mkeka. Hafanyi kwa chuki. Anaogopa. Amewazika wanne, akili yake imemaliza kuhesabu kwamba huyu ndiye atakayemmalizia wa tano, mume wangu. Lakini vile vitufe vya tende bado anavitengeneza. Anaviweka chini kwenye kigae katikati ya ua, anaondoka, ndipo mtoto anakwenda kuvichukua. Namwona nyuma ya mkeka anavyomtazama akila. Nimemnyang'anya mjukuu, yeye ambaye angempoteza kwa heshima, sasa anampoteza akiwa mbele ya macho yake. Hilo nalibeba. Sijui nitalitua wapi, wala sitaki mtu aniambie kwamba si kitu.

Sasa nifike kwenye lile nililokuombea usome peke yako.

Mtoto wangu hakuzaliwa siku ya Seth. Nilidanganya. Nilimwapia Isis uongo, kwa jina lake, gatini kwake, mashua yake ikiwa bado ina maziwa, na mkono wangu uko juu ya kichwa cha mwanangu.

Jua lilikuwa limetoka, dada. Lilikuwa limetoka kabisa. Mkeka wa mlangoni ulikuwa na tundu, na nilipokuwa nasukuma mara ya mwisho mwanga ulipita pale ukanipiga gotini, nikaukazia macho mpaka mtoto akatoka. Ruru alisema kweli tangu mwanzo. Tasati aliomba kweli, na Isis akasikia kweli. Alimtaka mtoto huyu, akampitisha siku nzima ya adui yake akiwa salama tumboni, akamtoa asubuhi ya siku yake mwenyewe. Alimchagua. Mimi ndiye niliyekataa.

Utasema nimekufuru. Inawezekana. Lakini nani aliyenifundisha? Tangu tukiwa wadogo tunasimuliwa jinsi alivyomficha Horus kwenye mafunjo, mtoto ana homa, maziwa yamekauka, yeye anazunguka vijiji akiomba chakula kwa watu wasiojua ni nani. Alipotaka kuvuka mto kumpigania mwanawe, alijifanya ajuza akamdanganya mvushaji. Alijifanya mjane mzuri akamdanganya Seth mwenyewe mpaka akajihukumu kwa kinywa chake. Hakuna mungu aliyesema mama huyu ni mwongo. Mnaliimba hilo huko Jeba kwa ngoma. Mimi nina mtoto mmoja nje na mmoja ndani, sina nge wa kunilinda kama wale waliomlinda yeye, wala mungu wa kunipigania barazani. Nilikuwa na mdomo tu. Nimemwambia nikiwa mtoni, tumeangaliana na Pilaki, kwamba kama amekasirika anijie mimi, asimguse mtoto wala mguu wa Pakhnumi. Na kama ana haki ya kumdai mwanangu, basi na mimi nina haki ya kumficha, maana nilijifunza kwake.

Pakhnumi anajua. Asubuhi ile wanaume wote walijifungia, lakini yeye alikuwa amepanda darini na mguu wake mbovu, anasikiliza ninavyolia. Kutoka pale aliuona mwanga wa jua ukishuka jabali la ng'ambo, ukafika makaburini, ukafika mtoni, ndipo akasikia sauti ya mtoto. Kwa hiyo pale gatini nilipoapa alijua kila neno ni uongo, na alijua mguu wake ndio uliowekwa rehani. Angesema neno moja tu, mtoto angechukuliwa. Alikitazama kijiti chake. Tulipofika nyumbani na mama yake ameshaingia ndani, aliniambia, "Mguu ni wangu. Ukiniozea tena, utakuwa umeniozea mimi." Hajalitaja tena.

Kwa nini nakuandikia, wakati Ruru amenyamaza na Pakhnumi amenyamaza? Kwa sababu ya tumbo hili. Limekaa vibaya kuliko la kwanza, Ruru anacheka lakini simwoni akicheka kwa macho. Nisipotoka salama kwenye yale matofali, lazima awepo mtu wa damu yangu wa kuja kumwambia Renpenofri, akishakuwa mtu mzima na hakuna tena wa kumchukua, kwamba hakuzaliwa kwenye uchafu wowote. Alizaliwa asubuhi nzuri. Pakhnumi ataogopa kumwambia, mama yake akiwa hai. Wewe huogopi mtu, hata barua yako ilionyesha.

Sasa wewe ndiye mwenye amri. Ukimpa shemeji barua hii, atakwenda kwa makuhani wa Jeba, na wao wataandikia wa Pilaki, na watakuja kumchukua mtoto kwa haki yao, na mimi wanifanye wafanyavyo kwa aliyeapa uongo. Ukiiosha wino ukaandikia hesabu za shayiri, mtoto anabaki. Sikubembelezi. Nakwambia tu ilivyo. Na karamu yenu ya kiboko ikifika, mkateni mle mshibe. Mwanangu hamo ndani ya ule unga. Kama mlango wako umefungwa kwake, basi umefungwa na kwangu, nami nitakuombea uzima kutoka huku huku, na sitakuja hata kwa maziko.

Jana nimemwachisha ziwa. Nilijipaka ile shubiri, akaonja, akanitazama kama mtu aliyeibiwa sokoni, akalia mpaka sauti ikakauka. Alilia hadi usingizi ukamchukua, mkono kwenye sikio langu. Ndiyo siku ambayo watu wa hekalu walikuwa waje. Nilikaa mlangoni naye mapajani kutwa nzima, nikitazama njia ya Pilaki, na hakuna aliyekuja kumchukua.

Wasalimie watoto wako mmoja mmoja kwa majina, na umwambie mkubwa kwamba yule jogoo wa udongo aliyemwachia binamu yake bado yu mzima, amekatika mkia tu. Msalimie shemeji, salamu za kawaida. Pakhnumi anakusalimu. Renpenofri anakusalimu, amenisumbua mpaka nimemwachia nafasi hapa chini achore, na anasema huyo ni wewe. Uishi, uwe na afya, Horus wa Jeba akulinde.

Mimi ni mdogo wako asiyekuogopa na anayekupenda,

Herankhi, mama yake Renpenofri